Viza inaisha Machi, miadi ni Juni: sasa inakuwaje?

Kama mna mtu wenu Ujerumani hii simu mshaipata, na kama hamjaipata itakuja tu. Viza yake inaisha mwezi wa tatu, ameandikia ofisi ya wageni ya huko mpaka amechoka, na miadi ya karibu waliyompa ni ya mwezi wa sita. Huku Nairobi mama ashaanza kuita watu wa maombi, mjomba anasema arudi tu kabla hajashikwa, na kwa grupu ya familia kuna mtu ametuma voisi ndeefu ya vile jirani wa rafiki yake alipandishwa ndege na polisi. Na mara nyingi huyo mtoto hana shida yoyote. Ama ako na shida, lakini si hio mnaogopa.

Kwetu mimi ndio husoma barua za Kijerumani, ju nilipitia zile madarasa za Kijerumani za Goethe pale Maendeleo House na cheti changu cha kiwango cha B1 kilitoka kwa jasho, kwa hivyo kila karatasi ya binamu na ya rafiki ya binamu huishia kwa simu yangu kama picha imepigwa usiku taa ikiwa mbaya. Nimegundua watu wanachanganya vitu vitatu: viza, tarehe, na sababu ya kukaa. Ukivitenganisha hizi barua zinaacha kutisha.

Tuanze na viza yenyewe. Ile stika iliwekwa kwa pasi na ubalozi pale Riverside, ile mlilipia euro 75, kazi yake ni kumuingiza mtu nchini na kumpa muda wa kujipanga. Kawaida inakua ya miezi mitatu mpaka sita, saa zingine mwaka. Hio stika huwa haiongezwi. Ikikaribia kuisha anaomba kitu ingine kabisa, kibali cha ukaaji, ambacho ni kadi ya plastiki iko na chipu, na anaiomba kwa ofisi ya wageni ya mji ule anaishi, si kwa ubalozi. Kwa hivyo baba akitoka Kitengela asubuhi kwenda Riverside kuulizia viza ya mtoto wake ambaye ashafika Leipzig, anapoteza nauli, watu wa ubalozi hiyo faili haiko mikononi mwao tena. Kadi ya kwanza inalipiwa euro 100. Baadaye kadi nayo ikikaribia kuisha ndio sasa anaongeza, na kuongeza kwa zaidi ya miezi mitatu ni euro 93. Mtu akikwambia anahitaji euro elfu moja ya kuongeza viza muulize vizuri, ju serikali haitaki hio pesa, kuna mtu mwingine anaitaka.

Sasa tarehe, na hapa ndio watu hulia bure.

Sheria yao ya ukaaji kifungu cha 81 inasema hivi, kwa lugha ya kawaida: ukiomba kibali kipya ama kuongeza kile uko nacho kabla hakijaisha, basi kile cha zamani kinaendelea kuishi mpaka ofisi itoe jibu. Kinaendelea na haki zake zote, kama ulikua unaruhusiwa kufanya kazi unaendelea kufanya kazi. Kwa hivyo tarehe ya maana ni siku ombi lilifika kwa ofisi. Miadi ikiwa Juni ni juu yao, ni ofisi yao imejaa, si wewe umechelewa. Huyo wa Machi akituma ombi Januari ama Februari amelala vizuri hata miadi ikisongezwa mpaka Agosti.

Lakini lazima awe ametuma ombi, si kujaribu kutafuta miadi. Hii tofauti inaua watu. Mtu anafungua tovuti kila siku saa kumi na mbili asubuhi, anaona hakuna nafasi, anafunga, anafanya hivo wiki nane, halafu viza inaisha na anaamini amekua akiomba. Hajaomba. Miji mingi siku hizi iko na fomu ya onlaini unajaza na kupandisha makaratasi, na ukimaliza unapata uthibitisho, huo uthibitisho uweke kama title deed ya shamba. Kama hakuna fomu, andika barua ya kawaida, jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasi, unaomba nini na kwa nini, tuma kwa imeli na pia kwa posta ya rejista, ama uweke kwa sanduku lao ukiwa na shahidi. Hata faksi. Ndio, faksi, Ujerumani bado, na ripoti ya faksi ni ushahidi mzuri kuliko imeli ambayo haijajibiwa. Makaratasi yakikosekana moja mbili si mwisho wa dunia, unatuma ombi na kusema zingine zinakuja.

Ukishaomba unaweza itisha karatasi inaitwa Fiktionsbescheinigung, kila mtu huiita Fiktion tu, inagharimu euro 13. Ndio inathibitisha kwamba kibali cha zamani bado kinapumua. Mwajiri ataitaka, benki inaweza kuitaka, na mkuu wa mashaka zote, ndege itaitaka. Ikija usiifurahie kabla hujaangalia ndani, kuna visanduku vitatu na kimoja kimewekwa alama. Chenye mtu wetu anataka ni kile kinataja kifungu cha 81 aya ya 4, hicho ndio cha aliyeomba mapema akiwa na viza ama kibali halali. Kuna kingine cha aya ya 3 kinachosema tu kwamba kumfukuza kumesimamishwa kwa muda, na hicho ni cha mtu aliyekua ndani kihalali bila kibali na akachelewa kuomba, hakimpi zile haki zingine. Nimeona watu wanapiga picha Fiktion na kupost kwa status na hawajui kisanduku gani kimewekwa tiki.

Na kama amechelewa kweli? Siku mbili tatu, alikua hospitali, ama mwenye chuo alichelewesha barua? Hicho kifungu kinaruhusu ofisi kuamua kwamba haki ziendelee ili kuepuka ugumu uliopita kiasi. Ni hiari yao, si haki yake, kwa hivyo aombe mara moja na aeleze sababu akiwa na ushahidi. Mbaya ni kujificha. Kuna watu wakiona tarehe imepita wananyamaza wakitumaini hakuna atakayegundua, na kila wiki wanakaa kimya inawafanya waonekane vibaya zaidi.

Kusafiri sasa. Mtu akiwa na Fiktion ya aya ya 4, pasi yake, na kile kibali kilichoisha, anaweza kuja Nairobi kuzika nyanya na arudi. Sheria iko upande wake. Shida ni yule dada wa kaunta pale JKIA saa nne usiku akiangalia karatasi ya Kijerumani iliyokunjwa mara tatu ambayo pengine hajawahi iona, na nyuma foleni inalalamika. Kwa hivyo anayesafiri afike mapema, abebe kibali cha zamani bila kukosa, na kama anaunganisha ndege nchi ingine aulize ndege hio kabla ya kununua tiketi. Kama si lazima asubiri kadi, ambayo huchapishwa mahali pamoja Berlin na inaweza chukua wiki nne mpaka sita baada ya alama za vidole. Halafu kuna hii ya miezi sita: ukitoka Ujerumani ukakaa nje zaidi ya miezi sita bila ofisi kukukubalia muda mrefu zaidi, kibali kinakufa chenyewe hata kama kwa kadi imeandikwa 2028. Msichana amekuja kuzaa nyumbani akasema atarudi mtoto akikaa vizuri, huyo ahesabu hio miezi na aandikie ofisi kabla hajatoka huko.

Na tafadhali msichukue hii mkampelekea shangazi wa Birmingham. Uingereza pia iko na kinga kama hii, kifungu cha 3C cha sheria yao ya uhamiaji ya 1971, ukiomba kabla ya kuisha unaendelea kulindwa, lakini ukitoka nchini kabla ya jibu ombi lako linahesabiwa umeliondoa mwenyewe. Yaani kile Mjerumani anakubali Mwingereza anakuadhibu nacho. Huko pia kuna ada ya afya inalipwa yote mara moja wakati wa kuomba, mwanafunzi ni pauni 776 kwa kila mwaka anaoomba, kwa hivyo familia ichange mapema. Na kwa ndugu zetu wa Saudia ni hadithi nyingine kabisa, iqama, yaani kibali cha kukaa cha huko, inaongezwa na mwajiri, si wewe, unaweza kua umefanya kila kitu sawa na bado ukaamka huna karatasi kwa sababu bosi hakulipa. Hapo ushauri wote wa tarehe na faksi haukusaidii, unaanza na bosi, ikishindikana ni ubalozi wetu Riyadh.

Nirudi Ujerumani, kwa sababu sasa ndio tunafika kwa sababu ya kukaa, na hii ndio kitu ofisi inaangalia kweli. Kibali cha huko huwa na kazi maalum. Umekuja kusoma, umekuja kulea watoto wa familia, umekuja kufunzwa kazi. Kuongeza ni kuonyesha ile sababu bado iko na inaendelea. Mwanafunzi anapewa kawaida mpaka miaka miwili, akiomba tena ofisi inataka kuona bado ameandikishwa na anapita mitihani, na wanaweza kuuliza chuo kama huyu mtu atamaliza. Tangu Machi 2024 mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka ama nusu siku 280, na kuna vijana wetu wanazichukua zote na za juu, wanabeba maboksi usiku ndio watume karo ya mdogo wao hapa Rongai, halafu ikifika kuongeza kibali karatasi ya matokeo iko tupu. Sisi wa nyumbani tuko na mkono kwa hio. Unamuitisha mtoto elfu ishirini kila mwezi halafu unashangaa anafeli.

Lakini njia yenye naona sana Nairobi ni ile ya au pair, yaani kuishi na familia ukilea watoto wao, halafu mwaka wa kujitolea, halafu Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi. Maajenti wanaiuza kama safari moja ya tiketi moja. Si moja, ni vibali vitatu tofauti na kila mpaka kati yao ni mahali pa kuanguka. Au pair lazima uwe chini ya miaka 27 ukiomba, unapewa pesa ya mfukoni euro 280 kwa mwezi, na mwisho ni mwaka mmoja. Hakuna wa pili, hata familia ikulilie na watoto wakushike mguu. Baada ya hapo wengi huingia mwaka wa kujitolea, ule wa vijana wa chini ya 27 ama ule wa serikali kuu ambao hauna mwisho wa umri, kawaida miezi 12 na inaweza fika 18, kwa nyumba za wazee, hospitali, shule za watoto. Halafu Ausbildung, ya uuguzi ni miaka mitatu, na hapo unalipwa mshahara wa mafunzo, uuguzi kwa hospitali za umma ni zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi kabla ya makato tangu mwaka wa kwanza.

Sasa sikiza hapa vizuri kwa sababu sijawahi ona ajenti akieleza. Fiktion inaendeleza kibali cha ZAMANI. Msichana alikua au pair, mkataba wake unaisha 30 Juni, amepata mwaka wa kujitolea unaoanza 1 Septemba, ameomba Mei, ofisi imempa Fiktion. Anaruhusiwa kukaa, sawa. Lakini zile haki anazoendelea nazo ni za au pair, kwa hivyo hawezi tu kuingia kwa nyumba ya wazee tarehe moja Septemba na kuanza kazi, mpaka kibali kipya kitoke ama ofisi iandike wazi kwa hio karatasi kwamba ile kazi mpya imekubaliwa. Akianza bila hivo ni kazi haramu, kwake na kwa mwajiri. Na pia kuna Julai na Agosti, anaishi wapi, bima ya afya ni ya nani, ju bima ya au pair ililipwa na ile familia na imeisha na mkataba. Hio miezi miwili ya katikati imerudisha watu wengi kuliko tarehe zote. Dawa yake ni mkataba mpya uwe umesainiwa mapema, uzibe ile miezi kwa mpango, uongee na familia kama inaweza kukuweka mpaka mwisho wa mwaka kamili, na kwa barua ya maombi uandike waziwazi unaomba ruhusa ya ile kazi mpya kuanzia tarehe fulani.

Kisha kuna ule uongo mkubwa: ingia na viza ya matembezi utabadilisha ukifika. Ile ya Schengen ni siku 90 ndani ya kila siku 180 na kawaida haibadilishwi kua ya kukaa ukiwa ndani, unarudi Nairobi kuomba upya ukiwa ushachoma pesa ya tiketi. Ajenti akikwambia amefanyia watu wengi muulize wako wapi saa hii.

Pesa sasa. Mwanafunzi lazima aonyeshe anaweza kujilisha, na kipimo tangu Septemba 2024 ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka kwa ile akaunti iliyofungwa ambayo inaachilia kidogo kidogo kila mwezi. Hio ni kama shilingi milioni moja na laki nane, kulingana na euro imeamkia wapi. Watu wengi hapa waliuza shamba ama wakakopa chama mwaka wa kwanza wakidhani ni ya mara moja, halafu kuongeza kunafika na ofisi inauliza tena utaishi na nini. Si lazima iwe akaunti imefungwa tena, payslipu za kazi ya nusu siku zinaweza kuhesabiwa, skolashipu pia, ama mtu anayeishi huko akasaini ahadi rasmi ya kumgharamia, ingawa huyo mtu ajue anaweza kudaiwa na serikali kweli. Kile hakifanyi kazi ni pesa ya kukopa ya kuonyesha halafu kurudisha kesho yake, wanaitisha stetimenti za miezi.

Mambo madogo madogo yanayoangusha watu: ukihama mji, faili yako inahama pia, na hio inaweza chukua muda mrefu, kwa hivyo usihame wiki mbili kabla kibali kiishe kama unaweza kuepuka. Kuandikisha makazi mapya ni ndani ya wiki mbili. Barua zikienda kwa nyumba ya zamani wao wanahesabu umeziona.

Na akifutwa Ausbildung? Hapa wazazi huambiwa mwisho kabisa, mtoto anaficha. Aambie ofisi, sheria inampa wiki mbili kusema mafunzo ama kazi imekatika mapema. Kama kosa si lake, kampuni imefunga ama mwalimu alimtesa na anaweza kuonyesha, anapewa mpaka miezi sita kutafuta mahali pengine. Mwanafunzi wa chuo aliyepoteza nafasi bila kosa lake ni mpaka miezi tisa. Hio ni huruma kubwa kwa sheria ya wageni na watu hawaitumii kwa sababu wanaogopa kujitokeza.

Ofisi ikikaa kimya kabisa, miezi mitatu imepita tangu ombi kamili lifike na hakuna sababu ya maana, anaweza kwenda korti ya utawala kudai jibu tu. Wengi hawafiki korti, barua ya wakili peke yake saa zingine inaamsha faili. Pia vyuo vingi viko na ofisi ya wanafunzi wa kigeni na mashirika ya kanisa yanatoa ushauri bure, waanzie huko kabla ya kumlipa mtu wa Instagram.

Kitu ya mwisho ni yetu sisi Wakenya wenyewe, na ni pasi. Kibali kawaida hakipiti tarehe ya mwisho ya pasi. Kama pasi imebaki miezi minane, ofisi inaweza kukupa miezi minane tu hata kama Ausbildung imebaki miaka miwili, na utalipa tena na kupanga foleni tena. Kwa hivyo mtu akiona pasi yake inaelekea mwisho aanze na ubalozi wetu Berlin kwanza, na alama za vidole lazima aende mwenyewe, hakuna kutuma mtu kwa uhamiaji pale Nyayo House amfanyie. Nikipewa picha ya barua siku hizi naitisha kwanza ile peji ya pasi yenye tarehe, hata kabla sijasoma Wajerumani wameandika nini.